Hai, Mzima, na Tayari: Historia Fupi ya Kuzijulia Hali Seva Zilizo Katika Kundi

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mitambo iliyowekwa katika kundi moja ilivyofundishwa kujuliana hali, tangu miaka ya 1970 hata sasa. Historia hii kwa desturi huandikwa kama historia ya ufundi. Mimi naiona kuwa ni historia ya swali moja la lugha: mtu aulizapo habari za kitu asichokiona, jibu apewalo lashuhudia nini hasa? Sisi tusemao Kiswahili tunayo maneno matatu ambayo mafundi wa nchi nyingine walichukua karibu miaka 40 kuyatenga, nayo ni hai, mzima, na tayari. Ajabu ni kwamba katika mambo haya ya mitambo tumeyaacha, na mahali pake tumeweka neno moja, mtandao, likabebeshwa mzigo usio wake.

Tuanze na Maganzo. Mji huu mdogo wa biashara, katika wilaya ya Kishapu, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, karibu na mgodi wa Mwadui ambako John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Watu wake ni wachimbaji, wachuuzi, wakulima na wanunuzi wa mawe, na kama ilivyo katika miji yote ya machimbo, fedha hupita mikononi upesi. Tangu mwaka 2008, zilipoanza huduma za kutuma fedha kwa simu nchini Tanzania, sehemu kubwa ya fedha hizo haishikwi tena kwa mkono. Huandikwa katika seva zilizo mbali, na mtu wa Maganzo huzifikia kwa simu yake au kupitia dirisha la wakala.

Hapo dirishani ndipo lisikiwapo lile neno: "Mtandao hakuna." Mara nyingine husemwa kwamba mtandao unasumbua, au kwamba uko chini, ambayo ni tafsiri ya Kiingereza ya neno kwa neno. Sasa usemi huo waweza kuwa na maana nne zisizofanana hata kidogo. Yawezekana mnara wa simu umekosa umeme. Yawezekana mnara u mzima lakini njia ya kwenda kwenye seva imekatika mahali fulani. Yawezekana njia i wazi, na seva yenyewe ndiyo iliyokufa. Tena yawezekana seva i hai, njia i wazi, na programu iliyomo imeelemewa hata haiwezi kumhudumia mtu. Kwa mama aliyetuma ada ya mtoto wake na asione ujumbe wa kuthibitisha, tofauti hizi si mchezo wa wataalamu. Ikiwa ombi lake halikufika, na atume tena. Ikiwa lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani, akituma tena huenda akalipa mara mbili. Kimya ni kile kile, na hukumu zake ni mbili.

Kimya hicho ndicho kilichowashughulisha waundaji wa mitambo kwa nusu karne. Seva ni kompyuta, au programu iliyomo ndani yake, ambayo kazi yake ni kungoja maombi na kuyajibu. Zikiwekwa nyingi zifanye kazi moja, mafundi huziita klasta. Mimi nitasema kundi, kwa kuwa sioni neno klasta limetuongezea nini. Mbele ya kundi husimama mgawa kazi, apokeaye maombi ya watu na kuyapeleka kwa seva hii na ile. Faida ya kundi ni kwamba moja ikianguka, nyingine huchukua zamu yake. Lakini faida hiyo ina sharti: lazima pawepo ajuaye kwamba ile ya kwanza imeanguka.

Hapo mwanzo shida hii haikuwapo, kwa sababu kundi halikuwapo. Wizara ya Fedha ya Tanzania iliweka kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, na mashine ya namna ile ilikuwa na watu wake waliokaa nayo chumba kimoja, wakaitazama taa zake na kuisikiliza mlio wake. Afya yake ilipimwa kwa macho na masikio. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya hesabu za serikali kwa mashine kwenda kombo, na miaka mingi ikapita kabla ya mlango ule kufunguliwa tena.

Mwaka huo huo wa 1974, huko California, ilianzishwa kampuni iliyoitwa Tandem, iliyokusudia kuunda kompyuta isiyosimama, khasa kwa ajili ya mabenki. Mtambo wao wa kwanza ulitoka mwaka 1976. Ndani yake mlikuwa na vichakato viwili au zaidi, kila kimoja kikiwa na kumbukumbu yake, na kanuni yao ilikuwa nyepesi mno: kila sekunde 1 kila kichakato huwapelekea wenziwe wote ujumbe wa kuarifu kwamba ki hai, na kila sekunde 2 hutazama kama amesikia kutoka kwa kila mwenziwe. Asiyesikika huhesabiwa kuwa ameanguka, na kazi yake huchukuliwa. Hakuna anayeuliza hapa. Kila mmoja hujitangaza. Mafundi wa baadaye waliuita ujumbe huo pigo la moyo, na jina hilo likashika, ingawa kwa fikira yangu si jina jema sana. Moyo haujui kwamba unasikilizwa, lakini ujumbe huu hutumwa makusudi ili usikiwe.

Njia ya pili ni ya kuuliza. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi huko Maryland, Marekani, aliandika programu fupi akaiita ping, kwa kufuata mlio ambao vyombo vya baharini huutuma majini na kuusikiliza ukirudi. Kompyuta moja hutuma kijumbe, ya pili hukirudisha, na muda wa kwenda na kurudi hupimwa. Ni mwangwi mtupu. Programu hii yatumika hata leo, nayo imewadanganya wengi, maana anayeujibu mwangwi ni kiini cha mfumo wa kompyuta, si seva ya tovuti iliyo juu yake. Programu ya tovuti yaweza kuwa imekwisha kufa tangu usiku, na mashine ikaendelea kuitikia kwa uaminifu mkubwa. Hapo ndipo hai na mzima vilipoanza kuachana, ingawa hakuna aliyevipa majina.

Wakati ule ule kampuni ya Digital ilitoa makundi yake ya kompyuta za VAX, na shida nyingine ikajitokeza. Fikiri kundi la mashine 4, kisha waya wa katikati ukatike, wakabaki 2 huku na 2 huku. Kila upande husikia kimya cha upande wa pili, na kila upande husema: wenzetu wamekufa, na turithi mali yao. Pande zote mbili zikianza kuandika katika hazina moja, hesabu huharibika kwa namna isiyotengenezeka. Dawa yao ilikuwa kura. Upande ambao haukutimiza akidi hunyamaza na kungoja, hata kama una hakika kwamba u mzima. Neno akidi tunalo tangu zamani katika mikutano yetu, nalo latosha kabisa. Wala sioni haja ya kuazima jingine.

Ikaja mwaka 1985 habari iliyowakata wengi tamaa. Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kwa hesabu ya kwamba, katika mfumo ambao ujumbe waweza kuchelewa bila kikomo kinachojulikana, hakuna utaratibu wa uhakika utakaowafikisha wanakundi wote kwenye neno moja, ikiwa hata mmoja wao tu aweza kufa ghafula. Sababu yake yaeleweka hata na asiyejua hesabu: aliye mbali akinyamaza, huwezi kujua kama amekufa au amechelewa. Ukingoja zaidi waweza kungoja milele. Ukikata shauri waweza kumzika aliye hai. Miaka 11 baadaye, 1996, Chandra na Toueg walionyesha njia ya kuishi na msiba huo. Walisema, mlinzi wa kundi asiseme kwamba fulani amekufa, na aseme kwamba anamshuku, tena awe radhi kuiondoa shaka yake akimsikia. Kushuku na kuhukumu ni vitenzi viwili mbalimbali, na mlinzi aliyeandikiwa kitenzi kimoja tu atafanya dhuluma. Katika fasihi yote ya elimu hii, hilo kwangu ndilo lenye thamani kubwa kwa mtu wa lugha.

Tovuti zenyewe zilianza kwa unyonge. Seva ya kwanza ya tovuti, aliyoitumia Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, mwishoni mwa mwaka 1990, ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono kuwaonya watu wasiizime. Huo ndio uliokuwa ulinzi wake. Kufika mwaka 1994, kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa kimeelemewa na maombi, wakaweka seva kadhaa na kulifanya jina moja la tovuti litoe anwani zao kwa zamu. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba daftari la majina halijui habari za uzima. Anwani ya seva iliyokufa huendelea kutolewa zamu yake ifikapo, na mtu mmoja kati ya kadhaa hupelekwa kaburini. Miaka iliyofuata ilileta programu za kuyaangalia mambo haya: kazi ya mapigo ya moyo katika Linux mwishoni mwa miaka ya 1990, programu ya Ethan Galstad ya mwaka 1999 ambayo baadaye iliitwa Nagios, na mgawa kazi wa Willy Tarreau aitwaye HAProxy, mwaka 2001.

Huyu HAProxy astahili kutazamwa kidogo, kwa kuwa ameandikiwa tabia ya mtu mwenye busara. Asipoagizwa vingine, huiuliza kila seva kila baada ya sekunde 2. Ikikosa kujibu mara 1, hamwambii mtu. Ikikosa mara 3 mfululizo, huiondoa katika zamu. Ikianza kujibu tena haamini upesi. Hungoja majibu mema 2 ndipo airudishe. Kwa hiyo seva inayozimika na kuwaka, na kuzimika tena, haiwasumbui watu kwa kuingia na kutoka. Kiingereza humwita huyo mwenye kupigapiga mabawa. Kiswahili hakihitaji ndege, maana tunao urudufishaji: ni seva inayozimikazimika, na kila asikiaye hufahamu.

Lakini mgawa kazi aulize nini? Hapa twarudi Usukumani, na msomaji aniwie radhi kwa mchepuko huu. Asubuhi katika soko la Maganzo watu huamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka, kisha huulizana mhola, na jibu la mhola ni mhola. Kiswahili kina desturi hiyo hiyo. Hujambo ni swali la ukanushi, yaani, je, huna jambo lililokupata? Na sijambo ni jibu la ukanushi. Mgonjwa aliyelala kitandani huulizwa hujambo, naye hujibu sijambo, na hakuna anayemwita mwongo. Jibu lile la kwanza halina kazi ya kueleza afya. Lathibitisha mambo mawili tu, kwamba njia ya maneno baina yetu i wazi, na kwamba wewe uko. Habari yenyewe hufuata baada ya salamu ya tatu au ya nne, nayo huletwa na neno dogo: "Njema, ila mtoto hakulala." Mgeni aendaye zake baada ya kusikia njema hakupata habari za nyumba ile.

Seva za tovuti zina salamu kama hiyo. Zikiulizwa ukurasa mdogo, hujibu kwa namba 200, ambayo maana yake ni njema. Zikishindwa kuhudumia kwa wakati ule hujibu 503. Kwa miaka mingi wagawa kazi waliridhika na 200. Kumbe seva yaweza kujibu 200 kwa ukurasa mwepesi usiogusa kitu, huku hazina ya kumbukumbu iliyo nyuma yake imefungwa, na kila mtu mwenye haja ya kweli hurudi mikono mitupu. Alijibu sijambo, na hakuna aliyengoja ila yake.

Utengano huo uliandikwa waziwazi katika programu ya Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014, ambayo jina lake ni neno la Kiyunani la mshika usukani wa chombo. Humo mna maswali mawili yaliyotengwa. La kwanza ni kama programu i hai; ikionekana si hai huuawa na kuanzishwa upya. La pili ni kama i tayari. Isipokuwa tayari haiuawi, huachwa ipumue, ila haipelekewi watu hata itakaposema i tayari. Kuyachanganya maswali haya ni hatari. Programu iliyoelemewa, ikihukumiwa kwa swali la kwanza, huuawa wakati ule ule inapohitajiwa, na mzigo wake huwaangukia wenziwe, nao huuawa kwa zamu. Kutoka ujumbe wa Tandem hata hapo ni miaka 38.

Isidhaniwe kwamba kuuliza sana ndiko kujua sana. Wako waliozifundisha seva zao zisijibu njema mpaka zimekagua hazina ya kumbukumbu na kila kitu kilicho nyuma. Siku hazina ile inapochelewa kidogo, seva zote husema kwa pamoja kwamba ni wagonjwa, mgawa kazi huziondoa zote, na tovuti iliyokuwa ikienda polepole sasa haiendi kabisa. Ndiyo sababu Envoy, mgawa kazi aliyetolewa na kampuni ya Lyft mwaka 2016, ana kanuni iliyonipendeza sana nilipoisoma: ikiwa walio wazima wamepungua chini ya nusu ya kundi, huacha kuziamini habari alizoletewa, akawapelekea wote kazi kama kwamba hakuna mgonjwa. Wagonjwa wakizidi mno, hushukiwa yule aletaye habari.

Mambo haya ya kundi lisilo na mkubwa mmoja, ambalo kila mwanachama wake humlinda mwenziwe, si mageni Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, watu wa Kahama na sehemu za jirani walianzisha ulinzi wao uitwao sungusungu, ambao serikali iliupa nafasi katika sheria mwaka 1989. Nguvu yake ilikuwa katika mwano, yaani ukelele wa hatari. Kijiji kikiupiga, cha jirani huupokea na kuupeleka mbele, na watu hutoka kuziba njia. Aliyeusikia asiitike alitozwa faini. Hapo hapakuwa na tatizo la kutenga hai na tayari, maana kuitika kulikuwa ni kutoka nje na silaha mkononi. Mtu aliyejibu kwa mdomo tu akabaki kitandani alihesabiwa kuwa hakujibu. Wahandisi wangefika upesi zaidi kama wangelipata kanuni hiyo.

Limebaki jambo moja, nalo ni mahali asimamapo mwulizaji. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Tovuti nyingi za ng'ambo hazikufunguka. Ukiuliza Dar es Salaam siku ile, seva za Ulaya zilikuwa kama maiti. Ukiziuliza Ulaya kwenyewe, zilikuwa nzima. Seva zilizomo nchini, zifikiwazo kupitia kituo cha kubadilishana mawasiliano cha Dar es Salaam kilichoanza kazi mwaka 2004, hazikuwa na sababu ya kutegemea mikongo ile. Lakini mlinzi aliyewekwa Ulaya kuziangalia seva za Dar es Salaam angeweza kuzishuku zote, na kama aliandikiwa kuhukumu badala ya kushuku, angezihukumu zikiwa zinafanya kazi. Kwa hiyo hali ya seva itumiwayo na watu wa Maganzo yafaa iulizwe kutoka zaidi ya mahali pamoja, na mojawapo pawe upande wa Shinyanga, ambako watu wenyewe wako.

Kuhusu istilahi, nasema machache. Mafundi hupenda kusema afya ya seva. Neno halina ubaya, bali uzima laeleza zaidi, kwa kuwa mzima ni aliye hai, tena asiye mgonjwa, tena asiyepungukiwa kiungo. Kuna hatari ndogo ya sauti, maana seva nzima na seva iliyozimwa zimekaa karibu mno masikioni, na katika amri ya dharura mtu atamke taratibu. Ama kitendo chenyewe, Kiswahili kimekwisha kukitengenezea mnyambuliko. Mgawa kazi huijulia hali seva, kama tumjuliavyo hali mgonjwa: ni kauli ya kutendea, na mwulizaji ni mmoja. Seva itumayo ujumbe bila kuulizwa hujijulisha. Zikiwa ni rika moja, kila moja ikimwangalia mwenziwe, hujuliana hali, kwa kauli ya kutendana. Namna tatu za ufundi, kitenzi kimoja. Lugha iliyoyaanza mambo haya huhitaji vitabu kuzitenganisha.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ziliitwa Jambo OpenOffice, na jina lile lilitoka katika salamu. Kazi ile iliwahudumia waandikao barua na hesabu. Wakesha na seva bado husoma tahadhari zao kwa Kiingereza, kisha huzifasiri wenyewe usiku, kwa haraka, kwa neno walilo nalo. Orodha ya maneno ya kuwapa haihitaji kuwa ndefu: inashukiwa, haiko tayari, haifikiki kutoka hapa, imekufa. Wakala wa Maganzo akiletewa mojawapo ya hayo manne kwenye simu yake badala ya lile moja, atajua kama amwambie mteja angoje, au aende dirisha jingine, au asitume tena fedha zile mpaka kesho.